Jembe na Jiwe Lililofichika Katika Mashamba ya Upare

Miongoni mwa hasara ambazo mkulima wa Upare huzipata mwaka hata mwaka pasipo kuzitia katika hesabu yake, ipo moja isiyokuwa na bwana shamba wa kuipima wala diwani wa kuisemea barazani, nayo ni hasara ya jembe liharibiwalo na jiwe lililofichika chini ya udongo. Mvua ikikosekana katika tambarare za Same watu hulia na serikali husikia. Viwavi wakiingia katika mahindi dawa hutafutwa. Bei ya tangawizi ikianguka huko Mamba Miamba mikutano huitishwa. Lakini jembe likipinda, au likimeguka pengo katika makali yake, au likipasuka penye shingo, mwenyewe hunyamaza, akalitupa nyuma ya nyumba, akaenda dukani kununua jingine kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mbegu. Nataka kulitazama jambo hili kwa uzito wake wote, kwa kuwa naamini ya kwamba desturi tuliyoizoea, ya kutupa jembe na kununua jembe, ndiyo iliyo mbaya kupita zote, na kwamba dawa mbili za kale, yaani ukuta wa mawe shambani na mhunzi kijijini, hazijapata mshindani hata leo.

Milima ya Upare ni kipande cha safu ndefu iitwayo Tao la Mashariki, ianzayo katika vilima vya Taita nchini Kenya, ikapita Upare na Usambara, ikaishia Udzungwa. Miamba yake haina nasaba na ile ya Kilimanjaro, jirani yake, iliyozaliwa na volkano katika zama za karibu. Hii ni miamba ya kale mno, iliyopikwa na kukandamizwa tumboni mwa ardhi kabla ya kuinuliwa, na ndani yake mna mishipa ya kwatsi, lile jiwe jeupe ling'aalo ambalo katika kipimo cha ugumu wa madini chenye daraja 10 limewekwa katika daraja la 7. Chuma cha jembe la kawaida hakifiki daraja hilo. Basi jembe linapokutana na kwatsi chini ya udongo, matokeo yamekwisha kuamuliwa kabla ya mkono kushuka.

Lakini jiwe lionekanalo halimdhuru mtu, maana mkulima hulizunguka au huling'oa. Lenye madhara ni lile lisiloonekana, na yafaa kuuliza limejifichaje. Katika miteremko mikali ya Mbaga, Suji na Vudee, mawe hushuka kutoka juu pamoja na udongo mvua zinapozidi, yakazikwa katika mashamba ya chini, na pengine mshuko huo huwa msiba mkubwa, kama ulivyokuwa mwezi Novemba 2009 katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, ambako mlima uliporomoka usiku na kuua watu zaidi ya 20. Hiyo ni njia ya ghafula. Ipo njia ya polepole ambayo ndiyo iliyojaza mashamba mengi zaidi, nayo ni kazi ya mchwa. Mdudu huyu huchukua chembe nyembamba za udongo kutoka chini na kuzipandisha juu kujenga kichuguu. Mvua hukibomoa kichuguu na kuutandaza udongo ule juu ya ardhi. Na kwa kuwa mchwa hana uwezo wa kubeba jiwe, mawe hubaki palepale yakafunikwa kidogo kidogo, hata baada ya karne nyingi hufanyika tabaka zima la mawe lililolala chini ya udongo laini usio na hata changarawe. Mwenye kufungua shamba jipya juu ya ardhi ya namna hiyo hufurahi kwa miaka yake ya mwanzo, akadhani amepata bahati.

Kisha huja mwaka ambao jembe linaanza kulia. Wako wazee wasemao kwamba mawe huota kama viazi, na kauli yao imetokana na kuona kweli, kwa sababu shamba lisilokuwa na jiwe miaka 20 iliyopita leo limejaa mawe. Walakini jiwe halikupanda, udongo ndio ulioshuka. Kila masika na kila vuli, shamba la mteremko lisilo na kizuizi hupoteza ngozi yake ya juu, na ngozi hiyo ikiondoka, tabaka la mawe lililokuwa chini ya kina cha jembe hukaribia makali. Kwa hiyo jembe lililovunjika ni shahidi wa mmomonyoko, na mtu anayenunua jembe jipya pasipo kuuliza kwa nini la zamani limevunjika ameukataa ushahidi aliopewa bure.

Ni jambo la kutia fikira kwamba nchi hii yenye mawe mengi ndiyo iliyokuwa mashuhuri kwa chuma. Huko Ugweno, Upare ya Kaskazini, ukoo wa Washana ulikuwa ukoo wa wahunzi, na Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya siasa ya Wapare, ameeleza jinsi wahunzi hao walivyoshika utawala hata ukoo wa Wasuya ukawapindua na kuutwaa. Utawala ulipowatoka Washana, nyundo haikuwatoka: waliendelea kufua, na Wachagga, ambao walikuwa na mafundi hodari lakini hawakuwa na chuma cha kutosha, walikitegemea chuma cha Upare kwa majembe na mikuki yao. Mtapo wenyewe haukuchimbwa katika mashimo; ulikuwa mchanga mweusi, mzito, uliokusanywa na kuoshwa katika vijito vya milimani, ukayeyushwa katika tanuri kwa makaa ya miti na pumzi ya mivukuto. Mzigo wa makaa uliohitajika haukuwa mdogo, na wataalamu waliochimbua udongo uliokusanyika mabondeni Upare ya Kaskazini, wakaufuatia nyuma kwa muda wa miaka elfu mbili, wameuona mmomonyoko mkubwa uliotangulia mbali kuja kwa Wazungu, na kati ya sababu zake wamewataja wakulima, wayeyushaji wa chuma na misafara ya biashara. Yaani kufyeka msitu kwa ajili ya shamba na tanuri kulisaidia kuyafunua mawe ambayo leo yanayavunja majembe. Nasema hivyo bila kuwalaumu wale wahenga, ambao hawakuwa na makaa mengine ya kutumia, ila kuonyesha kwamba jiwe na jembe katika milima hii vina historia moja.

Reli ya kutoka Tanga, ilipofika Moshi mwaka 1911 baada ya kupita chini ya milima hii na kuweka kituo hapa Same, ilikaribisha bidhaa za chuma cha ng'ambo kwa bei ambayo tanuri la udongo halikuweza kushindana nayo. Jembe la Mwingereza lenye alama ya mamba likawa ndilo jembe, na mkulima akajifunza kulinunua kwa uzito, ratili mbili na nusu au ratili tatu. Baada ya Uhuru, taifa lilijaribu kujitegemea katika jambo hili pia: kwa msaada wa China ulijengwa mtambo wa zana za kilimo wa Ubungo, Dar es Salaam, ambao watu waliuita UFI, na baadaye ukaja wa Mbeya, na wazee wengi bado husema jembe la UFI kwa sauti ya mtu amtajaye rafiki aliyesafiri. Viwanda hivyo vilidhoofika soko lilipofunguliwa, na tangu hapo maduka yamejaa majembe ya kila namna, mengine mazuri, na mengine ya chuma chembamba kilichokatwa na kupakwa rangi ikang'aa, ambacho pigo moja la jiwe hukikunja hata kisinyooke tena. Bei ndogo ya jembe la namna hii ni ughali uliojificha. Mtu akinunua matatu ya rahisi katika muda ambao moja imara lingefanya kazi, amelipa zaidi, na tena amepoteza siku za kupanda, ambazo katika nchi ya mvua chache kama tambarare ya Same hazina badali.

Tutazame sasa pigo lenyewe. Katika ardhi iliyolowa, jiwe la ukubwa wa ngumi likipigwa husogea, na sehemu ya nguvu ya pigo humalizika katika kusogea huko; katika ardhi kavu iliyoshikamana jiwe limefungwa pande zote, halina pa kwenda, na nguvu yote hurudi katika makali, katika shingo na katika mikono ya mwenye kulima. Ndiyo sababu majembe mengi huharibika katika kiangazi cha mwisho, Septemba na Oktoba, wakati watu wanapotayarisha mashamba wakiingojea vuli. Kulima kavu kuna faida yake, maana mbegu huiwahi mvua ya kwanza, wala simshauri mkulima wa Hedaru au Makanya aiache faida hiyo. Namshauri tu kwamba katika shamba analolijua kuwa na mawe achimbe mashimo ya kupandia au mistari badala ya kulifudua lote, na ashushe jembe kwa mshazari, si wima kutoka juu ya kichwa. Jembe la mshazari likikuta jiwe huteleza. Na jicho nalo lina haki yake katika maneno haya: kipande cha jiwe au cha chuma kirukacho kutoka katika pigo hupofusha, na mtoto asimame mbali na mama yake anapolima penye kokoto.

Madhara ya jembe ni ya namna mbalimbali, na kila moja lina hukumu yake. Makali yaliyobutuka hurudishwa kwa tupa au kwa kinoo, na hilo kila mtu aliweze nyumbani. Pengo dogo nalo huondolewa kwa tupa, kwa kuyashusha makali yote hata yalingane na kina cha pengo. Kuliacha ni hatari, maana ufa huanzia hapo. Bapa lililopinda ndilo linalowadanganya wengi, kwa sababu hupigwa nyundo likiwa baridi, likanyooka, na mwenyewe akaridhika. Lakini chuma kilichopinda na kunyoshwa baridi mara mbili tatu huchoka ndani, na siku moja hukatika penye pindo lile lile bila ya jiwe kubwa. Kazi hiyo ni ya mhunzi. Yeye hulitia motoni mpaka liwe jekundu, akalinyosha juu ya fuawe, akayafua makali upya hata yakawa membamba, kisha akalizimisha majini. Na baada ya kulizimisha, ikiwa ni fundi kweli, hulipasha tena moto wa kiasi, akiitazama rangi itembeayo juu ya chuma kilichosuguliwa, kutoka manjano ya makapi kwenda hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu, akaisimamisha pale anapotaka.

Katika rangi hizo ndimo mlimo na elimu yote ya jembe la nchi ya mawe. Chuma kilichosimamishwa mapema, kingali manjano, ni kigumu na hukata vizuri, lakini kikikuta jiwe humeguka kama kigae. Kilichosimamishwa karibu na buluu ni laini kidogo, hubutuka upesi zaidi, lakini kikikuta jiwe hupinda pasipo kumeguka. Kwa mashamba ya Upare mimi nachagua la pili bila kusita, kwa kuwa lililopinda hurudi na lililomeguka halirudi, na kunoa kila siku ni kazi ndogo kuliko kununua kila msimu. Ajabu ni kwamba mnunuzi wa dukani haulizwi kamwe anataka jembe la ardhi gani: jembe lile lile linauzwa kwa mlima mpunga wa Ndungu, katika udongo mzito usio na jiwe, na kwa mlima maharage wa Chome. Mhunzi wa kijijini angaliuliza. Naye ana mali ghafi njema mkononi, yaani springi chakavu za malori, ambazo feleji yake imeundwa tangu mwanzo ili ivumilie mapigo, na jembe lililofuliwa humo na mkono unaojua huishi kuliko majembe kadhaa ya duka.

Siku hizi wengi hulipeleka jembe lililopasuka kwa fundi wa kuchomelea kwa umeme, na mara nyingi jembe hilo hukatika tena kando ya mchomeleo, si juu yake. Fundi hana kosa la makusudi. Moto mkali wa mahali padogo huibadili tabia ya chuma kilicho jirani, kikawa kikavu, na asipojua kulipasha jembe zima na kuliacha lipoe polepole, kazi yake ni ya muda. Nyufa za shingoni sizishauri kuchomelewa hata kidogo. Bapa la jembe hilo lifuliwe upya liwe kitu kingine, kama kijembe cha palizi au kisu cha kukatia majani ya ng'ombe.

Neno moja juu ya jembe la kuazima, maana ugomvi wa majirani mara nyingi huanzia hapo. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafi, ifuatwayo na Waislamu walio wengi wa nchi zetu, kitu cha ariya kimo katika dhamana ya aliyekiazima, isipokuwa kilichoharibika kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Kwa hiyo jembe lililopotea au lililogongwa kusudi hulipwa, na lililovunjwa na jiwe katika kulima kwa haki lina udhuru. Nimevutiwa kuona kwamba hata mchezo wa gofu, unaochezwa katika viwanja vya Moshi na Arusha na watu ambao pengine hawajapata kushika jembe, umefikia hukumu ya jinsi hiyo: kanuni zilizoanza mwaka 2023 zinamruhusu mchezaji ambaye fimbo yake imeharibika katikati ya mchezo, kwa mfano kwa kugonga jiwe lililojificha ndani ya nyasi, kuitengeneza au kuibadili, mradi asiwe ameiharibu kwa hasira au ufidhuli. Na kanuni hizo hizo zinamruhusu kuondoa jiwe lililolegea juu ya ardhi, lakini si lile lililojikita humo. Mkulima amezidiwa wepesi hapo, kwa sababu lililojikita ndilo linalompasa kuling'oa.

Zana nyingine zipo, na yafaa zisisahauliwe. Jembe uma, lenye meno matatu au manne, ambalo limeenea sana katika nyanda za juu za Kenya, hupenya kati ya mawe mahali ambapo bapa husimama, na kwa kuchimbua tangawizi pasipo kuikata halina mfano. Sioni sababu ya kuwa adimu hivi katika maduka ya Same. Sururu na mtaimbo ni vya kung'olea, wala jembe lisitumiwe kwa kazi hiyo, ingawa hutumiwa kila siku na kuvunjika kila siku. Huko tambarare, penye ng'ombe na matrekta, plau ya bapa hunaswa na jiwe ikapinda ncha, lakini plau ya sahani hulipanda jiwe ikazunguka juu yake, na kwa sababu hiyo ndiyo ifaayo katika ardhi ya mawe na visiki.

Haya yote, hata hivyo, ni kukiponya chombo na kuuacha ugonjwa. Kubwa ni kuliondoa jiwe katika njia ya jembe na kulipa kazi, yaani kulijenga ukuta kukata mteremko, ambao huuzuia udongo usishuke, na kwa kuuzuia huyaacha mawe ya chini yaendelee kulala mbali na makali. Maarifa haya yana umri katika Afrika ya Mashariki: Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, watu wa karne zilizopita waliyaokota mawe ya mashamba yao wakayapanga kuwa matuta na mifereji ambayo magofu yake yamesimama mpaka sasa, na Wakonso wa Ethiopia bado wanalima juu ya kuta zao, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Wapare wenyewe, waliobuni ndiva za kukusanya maji usiku na mifongo ya kuyapeleka mashambani mchana, hawahitaji kufundishwa kupanga jiwe juu ya jiwe. Walakini lipo kosa la bidii iliyozidi, la kuokota hata kokoto. Kokoto zilizotanda juu ya udongo hulivunja nguvu tone la mvua na kuzuia jua lisiunyonye unyevu, na katika mashamba makavu ya Same kuziondoa ni kulivua shamba nguo. Ng'oa jiwe la kadiri ya ngumi na zaidi lililo katika kina cha jembe, mengine yaache.

Kikwazo kikubwa si ujinga, ni miliki. Mwenye kukodi shamba kwa msimu mmoja hataling'oa jiwe kwa faida ya mwingine, na ana haki. Kijana aliyepewa na baba yake kipande asichojua kama kitakuwa chake atafanya vivyo hivyo. Mwenye shamba akitaka ukuta, na apunguze kodi kwa kila ukuta uliojengwa, na mapatano hayo yaandikwe mbele ya mjumbe. Kwa kazi ipitayo nguvu ya nyumba moja upo msaragambo, desturi ya Upare ambayo jina lake limeenea Tanzania nzima, lakini ambayo siku hizi huitiwa barabara na madarasa tu, kana kwamba shamba si mali ya wote linaposhuka bondeni na kuziba mfongo wa kijiji kizima.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa Halmashauri ya Wilaya ya Same wampe mhunzi nafasi katika mipango yao kama walivyompa mganga wa mifugo: kila tarafa iwe na fuawe moja na kijana aliyefundishwa kufua, kuzimisha na kupasha, na vyuo vya ufundi vya VETA viifundishe kazi hiyo pamoja na uchomeleaji, visiiache kama mabaki ya zamani. Nawaomba wenye maduka walete majembe uma. Nawe, msomaji mwenye shamba la mteremko, mwaka huu kabla ya vuli usianze na jembe, anza na mtaimbo: chora mstari mmoja usawa wa maji chini ya shamba lako, chimba msingi, na kila jiwe litakalotoka juu yake lishuke hapo.